Upande B wa Kanda ya Mama Neema

Sisi tuliokua wakati kanda zinarudishwa nyuma kwa kalamu ya wino tunajuana hata kwa mikono. Mpe mmoja wetu kalamu na kanda, uone vidole vinavyojua kazi yao bila kuulizwa. Juzi mdogo wangu Zuhura, ambaye yuko kidato cha tatu na anaamini dunia ilianza siku aliyonunuliwa simu, alinikuta nimekaa kitandani nazungusha kanda moja ya zamani. Akasimama mlangoni akaniangalia kwa huruma.

"Dada Tatu," akaniuliza, "ndiyo unaichaji?"

Sijazeeka, jamani. Nina miaka thelathini na kitu, nafanya kazi ya kufungasha bidhaa kiwandani Zegereni, na bado naruka kamba nikipata mtu wa kunishikia upande wa pili. Lakini siku ile nilijisikia kama nilisoma darasa moja na bibi yangu.

Naandika haya kwa sababu moyo umenijaa. Mwezi uliopita nilipiga muziki kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya Neema, rafiki yangu wa tangu tunagombania ukoko wa wali. Kamati ilitaka dijei mwenye jina kutoka Dar. Neema akawaambia muziki anapiga Tatu, la sivyo bibi harusi hatoki chumbani. Mjomba wake, mwenyekiti wa kamati, mtu mzito aliyetoka Songea na suti yake, akaniita pembeni. "Binti, vyombo unavyo?" Nikamjibu ninavyo. Ni kweli ninavyo, spika mbili, ila moja ina sauti kuliko mwenzake, na kompyuta mpakato ambayo ukiifunga inachukua muda kukubali kufunguka. Ndoto yangu ya siku nyingi ni kuwa na kibanda changu cha muziki, chenye jina limechorwa mbele, watu wanipigie simu kutoka Chalinze mpaka Kisarawe. Kwa hiyo sikutaka kuanza na visingizio.

Nyimbo nyingine zote siku ile ningeweza kuzikosea, watu wakacheka, yakaisha. Ulikuwepo mmoja tu ambao ningeuharibu nisingeweza tena kumtazama usoni Mama Neema, mama yake bibi harusi. Huo ni wimbo wa kwanza wa upande B wa kanda ya kwaya yake. Ili unielewe, inabidi twende kwanza Tangini, hapa hapa Kibaha, kwenye nyumba ya Mzee Kondo. Njiani tutapita kanda nyingine nzuri, na kila tukipita nitakushauri uisikilize, maana mimi nikipenda kitu siwezi kukila peke yangu.

Nakumbuka ile nyumba hata kwa harufu. Ilikuwa nyumba ya kupanga, korido ndefu katikati, vyumba huku na huku, na uani bomba moja, mpapai mmoja na kamba za kuanikia zilizopishana juu ya vichwa vyetu. Asubuhi ilinuka vitumbua vya mama yangu, mchana maharage ya Mama Neema, jioni mafuta ya taa. Sisi watoto tulicheza rede mpaka miguu inakuwa rangi ya udongo, tukaitwa kuoga, tukajificha, tukaitwa tena kwa majina kamili, hapo ndipo tukatoka. Mzee Kondo, mwenye nyumba, alikaa chumba cha mbele. Mzaramo wa Kisarawe kama mama yangu, mstaafu wa reli, mrefu, kofia haitoki kichwani. Yeye ndiye aliyekuwa na redio kaseti pekee iliyokuwa nzima. Na uzima wenyewe ulikuwa wa nusu. Ilikuwa na milango miwili ya kanda, mmoja ukicheza, wa pili Mzee Kondo akiutumia kuhifadhia pini na vifungo vya shati.

Basi Jumapili ilikuwa siku ya kufua nyumba nzima. Redio inawekwa kwenye kigoda karibu na bomba, na kila chumba kina zamu ya upande mmoja wa kanda. Upande mmoja, si wimbo mmoja. Ukiisha, anapokea jirani na kanda yake. Adhana ikitoka tunazima, ikiisha tunaendelea. Na kulikuwa na sheria ambayo Mzee Kondo aliisema kwa sauti ya mtu anayetangaza treni kuondoka: "Kanda ya mwenzio ikicheza, huruki wimbo, na husemi neno baya mpaka upande uishe. Ukiisha, sema utakavyo." Leo watu wanasikiliza wimbo mpaka mwimbaji anapokohoa kuanza, wanahama. Sisi hatukuwa na pa kuhamia. Nguo ziko kwenye karai, mikono ina povu, utasikiliza utake usitake. Hivyo ndivyo nilivyosoma muziki, kwa sababu shuleni nilisoma kidogo tu na nilichosoma kingine nimekisahau.

Zamu ilianzia chumba cha mbele. Mzee Kondo aliweka muziki wa dansi, ile kanda tuliyoiita kanda ya treni kwa sababu yake yeye, maana jalada lilishapotea na jina la bendi sikuwahi kulijua. Kama unataka kuanza kuupenda muziki wa dansi, anza na kanda ya namna ile. Upande mzima una nyimbo chache mno, kwa kuwa kila wimbo ni nyimbo mbili. Kwanza mtu analalamika taratibu kuhusu mapenzi mpaka unamwonea huruma, halafu ghafla magitaa yanaachiwa, chemko inaanza, na yule yule aliyekuwa analia anawaita watu wacheze. Nilipokuwa mdogo nilidhani anapata nafuu. Ukiisikiliza, usifanye haraka kufika kwenye chemko. Vumilia kilio chake kwanza. Chemko bila kile kilio ni kama chai uliyoikuta imepoa.

Halafu mama yangu. Mama aliweka taarabu, kanda yenye jalada la kijani na mwanamke aliyepambwa dhahabu mpaka kwenye kope. Taarabu ya mama haikuwa ya kusikilizwa tu, ilikuwa na anuani. Kuna wiki Kaka Rashidi, kapera wa chumba cha mwisho aliyekuwa mchora mabango, alichota ndoo ya maji ya mama bila kuomba. Mama hakusema kitu tangu Jumatano. Jumapili ikafika, akachagua upande wenye wimbo wa mtu anayekula asichopanda, akawa anafua taratibu, kila kibwagizo kikirudi anaipiga nguo kwenye karai, pwaa, akiangalia mpapai.

Kaka Rashidi akavumilia mpaka upande ukaisha, kwa sababu ya sheria. Kisha akasema, "Mama Tatu, yale maji nitayarudisha."

"Maji gani, mwanangu? Mimi nimeweka kanda tu."

Kwa hiyo ukinunua taarabu, nunua ile ya zamani yenye fidla nyingi, na uisikilize ukiwa umekasirika kidogo. Ukiwa na amani sana hutaisikia vizuri. Na maji yalirudi, ndoo mbili.

Kaka Rashidi mwenyewe ndiye aliyetuletea bongo fleva. Alirekodi kutoka kwa rafiki yake Maili Moja, akaandika juu ya kanda kwa herufi zake za mabango, nyekundu zenye kivuli cheusi, mpaka kanda ikafanana na duka. Ilikuwa ya kijana mmoja anayeghani, hana bendi, nyuma yake kuna kinanda kinachorudia kitu kile kile kama bomba linalovuja. Mzee Kondo alimsikiliza akiwa amekunja uso kama anahesabu mabehewa. Upande ulipoisha akasema anayoruhusiwa kusema.

"Rashidi, huyu kijana anaimba au anatoa ushahidi?"

"Anaghani, mzee."

"Na pale mwishoni amefukuzwa nyumba kweli?"

"Kweli kabisa. Kodi ilimshinda."

Mzee Kondo, mwenye nyumba mzima, akasema, "Rudisha hapo alipofukuzwa, nimsikie tena." Tangu siku ile alikuwa anamwulizia yule kijana kama ndugu yake. Albamu za wakati ule nazipendekeza kwa yeyote anayedai vijana wetu hawakuwa na la kusema. Sauti ni mbaya, ngoma zimepigwa chumbani kwa mtu, lakini kila mstari umetoka kwa mtu aliyekula siku hiyo au hakula.

Likizo mama alinipeleka Vihingo kwa bibi, huko Kisarawe ndani, ambako vumbi la barabara linakutangulia nyumbani. Kule hapakuwa na kanda za dukani. Palikuwa na mdundiko. Mwali akitolewa, ngoma inazunguka kijiji, nasi watoto nyuma yake mpaka nyayo zinaungua. Mwaka mmoja mjomba alikuja na redio, akabonyeza kurekodi, akaiweka juu ya gogo. Ile ndiyo albamu ninayoipenda kuliko nyingi, na hutaipata popote, kwa hiyo ushauri wangu ni urekodi ya kwenu. Ndani yake kuna ngoma zinakuja kutoka mbali, zinapita karibu mpaka redio inatetemeka, zinaenda zao. Kuna kuku. Kuna mtu anakohoa. Na kuna sauti ya bibi inasema wazi kabisa, "Weye Tatu, toka hapo, watakukanyaga." Nilipoileta Tangini na kuiweka kwenye zamu yetu, nilikuwa na wasiwasi watu watacheka. Mama Neema akaomba iongezwe sauti. Na Mzee Kondo, ambaye hata treni haikuwahi kumfanya aharakishe, aliweka kikombe cha chai chini, akapiga hatua mbili za mdundiko mbele ya bomba, akarudi kukaa. Hakuna aliyesema kitu. Upande ulikuwa haujaisha.

Sasa tumefika kwenye chumba cha Mama Neema.

Alikuwa ametoka Songea, ameolewa na karani mpole aliyehamishiwa Kibaha. Mwanamke mnene wa kicheko, mwepesi wa kutoa chumvi na ndimu kwa jirani. Kanda yake ilikuwa moja tu, ya kwaya ya kwao, waliyorekodi kabla hajaolewa. Jaladani kulikuwa na watu wenye majoho ya bluu wamepangwa mbele ya kanisa, wadogo kama punje za mchele, sura zimefutika zote. Mama Neema alituambia yeye ni yule wa tatu kutoka kushoto, na kwamba wimbo wa kwanza wa upande B anaongoza yeye.

Kaka Rashidi hakuacha kumchokoza. "Mama Neema, hapa sura haionekani. Hata mimi naweza kusema ni mimi."

"Sura achana nayo. Subiri upande B."

Na upande B ukianza, hata Kaka Rashidi aliinamisha kichwa. Kinanda kidogo, halafu sauti ya msichana, nyembamba, safi, haina haraka:

*Nyumba yangu ni ndogo, ingia.*
*Mkeka wangu mmoja, keti.*
*Kikombe changu kimoja, tutapokezana.*

Halafu kwaya nzima inamwitikia, *Ingia, Bwana, ingia*, sauti za kiume zikitokea chini kama watu wanaopanda ngazi. Mama yangu, ambaye hajawahi kukosa swala, aliuimba ule wimbo akikaanga vitumbua alfajiri. Mimi na Neema tuliuimba kwenye mchakamchaka. Nyimbo za kwaya nazipendekeza hasa za namna hii, zilizorekodiwa na watu wasiotegemea kupata chochote. Unasikia wanavyovuta pumzi kwa pamoja.

Vyumba vingine vilikuwa na picha za ukutani, vyeti, masanduku. Mama Neema alikuwa na ile kanda. Aliacha kwao, aliacha kwaya, akaja mahali ambapo hakuna aliyemjua akiwa binti. Ukimwuliza alikuwa nani kabla ya kuwa Mama Neema, alikuwa anakuwekea upande B.

Jumapili moja, yeye akiwa zamuni, msichana wa kandani amefika kwenye mkeka, umeme ukakatika. Tukanung'unika kama kawaida. Umeme ukarudi kwa kishindo, redio ikashtuka, na kabla Mzee Kondo hajafika kwenye kigoda tukasikia ile sauti ambayo kila mtu wa kizazi chetu anaijua, sauti ya redio inakula kanda. Mzee Kondo akafungua mlango wa kanda. Utepe ulitoka umekunjamana kama utumbo wa dagaa.

Mama Neema aligeuza ndoo akaikalia. Hakulia. Alifuta povu mikononi, akasema, "Basi. Mlionisikia mmenisikia." Neema akaenda kusimama nyuma yake. Nakumbuka nguo zilivyokuwa zinadondosha maji kwenye kamba, na mtu hafui.

Ndipo nyumba ikaamka. Kaka Rashidi akaleta bisibisi yake ndogo akaifungua kanda juu ya sinia. Mzee Kondo akaunyoosha utepe kwa vidole, polepole, kutoka pale ulipokunjika hadi pale ulipopona. Sehemu kubwa ilinyooka. Kipande kimoja, urefu wa shibiri, kilikuwa kimechanika pembeni na hakifai tena. Mzee Kondo akamtazama Mama Neema. Mama Neema akatikisa kichwa, ndiyo. Wembe ukapita. Mama yangu akaingia ndani akatoka na rangi ya kucha aliyoitunza kwa ajili ya Idi, nyekundu, wakaunganisha ncha mbili kwa tone moja, na wote tukapuliza kwa zamu ikauke, kama wali wa mtoto.

Tukaiweka. Kinanda. Nyumba yangu ni ndogo, ingia. Mkeka wangu mmoja, keti. Halafu moja kwa moja, *Ingia, Bwana, ingia*. Kile kikombe hakipo. Shibiri moja ya utepe ndiyo ilikuwa mstari mzima. Hata upande A ulipoteza kidogo kwa nyuma yake, lakini pale palikuwa na kinanda tu, hakuna aliyejali.

Mama Neema alikuwa amerudi kwenye karai. Bila kuinua macho, akauimba ule mstari yeye mwenyewe. Lakini kwaya ilikuwa imeshaanza, wakagongana, sauti yake ikazama.

"Rudisha," Mzee Kondo akasema. Akanitazama mimi, ambaye nilikuwa nimekaa karibu na redio kuliko watoto wengine, kama siku zote. "Tatu, weka kidole hapo kwenye kitufe cha pozi. Huyu wa kandani akimaliza kusema keti, washike wote. Mama Neema atamalizia. Akimaliza, waachie."

Ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza ya muziki, na hakuna aliyeweza kuninyang'anya. Kila Jumapili nakaa pale kidole tayari. Nikiwahi, namkata Mama Neema wa kandani. Nikichelewa, kwaya inamkanyaga Mama Neema wa uani. Ilibidi nibonyeze katikati ya pumzi. Msichana wa kandani anasema keti, tik, uani kimya, mama mnene mwenye povu viwikoni anaimba *Kikombe changu kimoja, tutapokezana*, tik, na kwaya inamwitikia kama vile haijawahi kumkosa. Wageni wakija kututembelea walidhani ndivyo wimbo ulivyo. Baada ya muda hata sisi tulidhani hivyo. Kaka Rashidi aliacha kuuliza habari ya sura jaladani.

Tukakua. Watu wakahama, mama akajenga vyumba vyake viwili, Mzee Kondo akaenda kuishi kwa mwanawe, redio ikafa, kanda ikabaki kwenye kabati la Mama Neema. Kuimba naye akaacha. Akiombwa kanisani anacheka, anasema sauti imeota kutu, waimbe watoto.

Wiki moja kabla ya sendofu, Neema akanitumia ujumbe. Amempata mwanakwaya wa zamani wa Songea, na huyo alikuwa na nakala ya ile kanda, nzima, imesafishwa imewekwa kwenye simu. "Shoga, mstari upo. Usimwambie mama. Nataka ajisikie akiimba wimbo mzima." Niliusikiliza asubuhi nikienda Zegereni, spika za masikioni, nimesimama kwenye daladala njia nzima. Baada ya keti, yule msichana akaendelea tu, bila kusubiri mtu, *Kikombe changu kimoja, tutapokezana*. Niliona haya kidogo, kama nimechungulia chumba cha mtu. Hivi ndivyo alivyouimba. Sikuwahi kujua kwamba kwenye neno tutapokezana alikuwa anatabasamu, unalisikia tabasamu lenyewe.

Siku ya sendofu ukumbi ulipambwa zambarau na fedha. Mama yangu alikuja na kilemba kipya. Kaka Rashidi alikuja na kitambi na kadi za ofisi yake ya mabango. Mzee Kondo aliletwa, mwepesi kama karatasi, kofia ile ile, wakamweka meza ya mbele karibu na Mama Neema. Nilipiga dansi wazee wakala, nikapiga taarabu mama zangu wakatunza noti, na mjomba wa kamati alipita mara kadhaa kuzikagua spika zangu, ile yenye sauti na ile ya kusindikiza. Halafu Neema akasimama, akasema wimbo unaofuata ni zawadi kwa mama, akanipa ishara.

Nikauachia. Kinanda kile. Ukumbi ukashuka sauti meza kwa meza. Mama Neema alikuwa ameinua glasi ya soda, akaishusha.

*Nyumba yangu ni ndogo, ingia.*
*Mkeka wangu mmoja, keti.*

Na kidole changu kikabonyeza.

Sikukituma. Naapa sikukituma. Ni kidole cha Jumapili za Tangini, kilisikia keti kikafanya kazi yake. Ukumbi mzima kimya. Mshereheshaji akakimbilia kipaza sauti, "Samahani wageni waalikwa, tuna tatizo dogo la kiufundi." Nikamwona mjomba anainuka kwenye kiti chake anakuja kwangu, uso umemvimba, na mimi namtazama yeye badala ya kubonyeza tena.

Kutoka meza ya mbele ikasikika sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyezoea kutangaza treni. "Hakuna tatizo. Kaa chini wewe. Ni zamu yake."

Mama Neema alikuwa amekaa vile vile, mikono imelala mapajani, kichwa kimeinama kidogo, kama kuna karai mbele yake. Akaimba. Sauti imekuwa nzito, imeshuka, ina mikwaruzo, lakini haikuyumba popote.

*Kikombe changu kimoja, tutapokezana.*

Nikabonyeza. Na nilikuwa nimesahau, kwa hofu yote ile, kwamba huu wa leo ulikuwa mzima. Haukuja kwaya. Alikuja yule msichana wa Songea, nyembamba, safi, akamjibu mstari ule ule, *Kikombe changu kimoja, tutapokezana*, na tabasamu lake ndani. Mama Neema akainua kichwa akaitazama spika kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Ndipo kwaya ikaingia, na meza ya mbele, mama yangu, Kaka Rashidi, Mzee Kondo bila kusimama, wakaingia nayo, na Neema akatembea na gauni lake lote akaenda kusimama nyuma ya kiti cha mama yake, pale pale alipokuwa akisimama zamani.

Baadaye mjomba alinifuata nikikunja nyaya. "Binti, pale kwenye kukata na kurudisha, ulipangaje?"

"Mazoezi, mjomba," nikamwambia. "Tulianza mapema."

Akachukua namba yangu. Kuna shughuli nyingine Kisarawe, na safari hii sikuulizwa habari ya vyombo.

Siku hizi nyumbani kwetu Jumapili tunafua kila mtu na muziki wake masikioni, tumepangana kuzunguka bomba kama watu wasiojuana. Wiki iliyopita nilimwomba Zuhura atoe vile vya masikioni, atuwekee kanda yake, nikimaanisha albamu, uani, mama asikie. Akaniuliza, "Yote, dada? Bila kuruka?" Yote. Akaweka singeli, ya watoto wa juzi, inakimbia kama imeiba kitu. Nilifunga mdomo mpaka mwisho kama nilivyofunzwa, na nakushauri nawe ufanye hivyo, maana chini ya zile mbio kuna ngoma ninayoijua, ngoma ya Vihingo iliyochelewa mahali. Katikati mtandao ukakata. Zuhura akasonya, akaanza kuitikisa simu. Mimi na mama tukatazamana, tukangoja. Enzi zetu wimbo ukikatika, tulijua ni zamu ya mtu kuimba.